Chozi la Al Khudh

Mwezi wa pili. Viyoyozi vimenyamaza mtaa mzima
na dirisha, kwa mara moja, ni dirisha.
Mama yangu, Bi Shinuna, ameketi karibu nalo
na kofia anayoitia tundu tangu Rajabu,
sindano inakwenda, inarudi,
macho yako kwingine, vidole ndivyo vinavyoona.

Azhar amepewa kazi ya shule:
chora ndege kumi wa dunia wenye rangi ya zambarau.
Amefika tisa.
Kukuziwa wa mabwawani, miguu mirefu ya mdaiwa anayenyata.
Shorobo na kilemba chake.
Kwezi wa kule kwetu, mgongo wa tunda lililopasuka kwa kuiva,
tumbo jeupe, kanzu ya Ijumaa.
Na wale wa Amerika wavumao kama nyuki,
wadogo kuliko kidole gumba,
yeye kawachora wanene kama kuku,
ndiyo maana kalamu ya zambarau imekwisha,
kimebaki kipande cha nta, sawa na ukucha.

"Wa kumi yuko nje hapo," asema bibi yake. "Chozi."

Azhar anamtazama usoni, kisha ananigeukia mimi,
kwa Kiarabu, polepole: Bibi analia?
Kiswahili chake ni cha jikoni:
chumvi, sufuria, njoo, basi.
Halii, mwanangu. Ni ndege.
Shuleni kwenu anaitwa tamiri.
Sisi tulimwita chozi, na sijui nani alianza,
labda aliyemwona akining'inia ncha ya ua la mshubiri,
mdogo, anameta,
yu karibu kudondoka na hadondoki.

Nikachungulia. Mweusi.
Mweusi wa buni iliyosahauliwa kaangoni.
"Zambarau," akasema mama.
"Mama, una mtoto wa jicho macho yote mawili."
"Zambarau. Ngoja ageuke."

Akageuka.

Sijui niseme nini kuhusu koo lile.
Jua liliingia pale likatoka na jina jingine,
kisha akarudi kuwa mkaa,
akaruka juu ya matangi ya maji ya jirani.

Jioni Azhar aliokota unyoya chini ya mshubiri.
Akautia kinuni, cha kutwangia iliki,
na tone la maji, akatwanga
kwa bidii ya mtu mwenye kazi ya kesho asubuhi.
Masizi.
Akanionyesha kidole: Baba, rangi imekwenda wapi?
Nilikuwa na jibu la vitabuni,
kwamba haikuwamo, kwamba ni nuru na pembe uliyosimama.
Lilinishinda kinywani.

Mama akacheka peke yake.
"Tuliiba zambarau za Bi Mwanaisha Ng'ambo, watoto saba.
Tukakana, tukaapa. Akasema: toeni ndimi.
Nilichapwa mie, na ulimi nje!"
Nikamfasiria Azhar. Naye akatoa ulimi wake
mbele ya macho yasiyouona,
ulimi wa waridi, safi, hauna ushahidi wowote,
na bibi yake akaunyoshea kidole,
akaugusa ncha, kama anayepima uji.
"Sema chozi."
"Tozi."
"Cho."
"Cho. Zi."

Wa kumi alimchora kwa penseli,
akisugua mpaka karatasi ikakwaruzika,
na kooni akamaliza ile nta, yote, mpaka kucha zikaingia.
Mwalimu alimpa tisa. Pembeni ameandika: huyu ni mweusi.

Karatasi iko mlangoni mwa friji.
Napita nayo kila alfajiri nikitafuta maziwa,
sioni kitu.
Ila jana saa tatu nilikuwa nyumbani, nina homa,
jua limeingia kwa ubavu, risasi ya penseli imewaka,
na mama, sindano mkononi, kichwa hakuinua:
"Kageuka?"